Upinde wa Kisasa na Sheria ya Wanyamapori: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuachia Mshale

Na Mwandishi Wetu, Lindi

Katika Kata ya Rutamba, mkoani Lindi, mkulima anayekesha dunguni wakati wa kulinda mahindi na muhogo anaijua vyema sauti ya nguruwe pori wanapoingia shambani. Mashamba ya eneo hilo yanapakana na mapori, na Msitu wa Hifadhi wa Litipo uko jirani na makazi ya watu. Kwa mkulima aliyepoteza chakula cha familia kwa usiku mmoja, upinde wa kisasa, usiolia kama bunduki na unaoweza kuagizwa kwa njia ya mtandao, unaweza kuonekana kuwa suluhisho la haraka.

Wananchi wanakumbushwa mambo mawili kabla ya kufikia uamuzi huo. La kwanza ni kwamba upinde, hata uwe wa gharama kubwa kiasi gani, haumpi mwenye nao haki ya kuwinda. La pili ni kwamba upinde ni chombo kinachodai mafunzo ya muda mrefu, kwa kuwa mshale uliopigwa ovyo humwacha mnyama akiwa na jeraha na kuwaweka majirani hatarini. Makala haya yanaeleza matakwa ya sheria, namna upinde wa kisasa unavyofanya kazi, jinsi ya kuuchagua na kuutumia kwa usalama, pamoja na hatua ambazo mkulima aliyeharibiwa mazao anaweza kuzichukua bila kuvunja sheria.

Mnyama ni mali ya nani

Msingi wa suala hili ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1974. Sheria hiyo inaeleza kuwa wanyamapori wote nchini ni mali ya umma, nao wamewekwa chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya Watanzania. Kwa msingi huo, nguruwe pori anayetoka msituni na kuingia katika shamba la mtu hageuki kuwa mali ya mwenye shamba.

Uwindaji halali hufanyika kwa leseni au kibali kinachotolewa na mamlaka husika. Nje ya Hifadhi za Taifa na eneo la Ngorongoro, msimamizi mkuu ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), iliyoanzishwa mwaka 2014 na kuanza kazi Julai 2016. Katika ngazi ya halmashauri, mwananchi huhudumiwa na afisa wanyamapori. Kibali hueleza aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Mwombaji anayekusudia kutumia upinde badala ya bunduki anapaswa kulitaja jambo hilo tangu anapoomba na kupata jibu kwa maandishi. Kuuliza baada ya kukamatwa ni kuchelewa.

Yapo mambo matatu ambayo mara nyingi hayaeleweki vizuri. Kwanza, kosa la uwindaji haramu halipimwi kwa mlio wa silaha. Aliyeua mnyama kimyakimya kwa mshale bila kibali amewinda kinyume cha sheria sawa na aliyetumia risasi. Pili, sheria inakataza kuwa na silaha ndani ya pori la akiba bila ruhusa ya maandishi, na upinde na mshale vimetajwa humo pamoja na bunduki. Mtu aliyepita na upinde begani katika eneo hilo hawezi kujitetea kwa kusema hakuutumia. Tatu, nyama, ngozi, pembe na meno ya mnyamapori aliyeuawa ni nyara za Serikali. Kukutwa nazo bila kibali ni kosa linaloweza kushughulikiwa pia chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambapo adhabu huweza kufikia kifungo cha miaka 20 hadi 30.

Misitu ya hifadhi nayo ina ulinzi wake chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Litipo, pamoja na udogo wake, ni miongoni mwa misitu michache ya pwani anamoishi komba wa Rondo, mnyama mwenye uzito wa takriban gramu 60 ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Hifadhi hiyo haipaswi kugeuzwa uwanja wa kujaribia mishale.

Wapo pia wanaotoa mfano wa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao maisha yao yametegemea uwindaji wa upinde kwa vizazi vingi. Jamii hiyo huwinda kwa utaratibu maalumu unaozingatia namna yake ya kuishi. Utaratibu huo hauwahusu watu wengine kwa sababu tu nao wanamiliki upinde.

Upinde wa kisasa ni upi

Upinde wa asili ni ufito mmoja uliokazwa kwa upote. Kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mgumu, hata mvutaji akifika mwisho hawezi kuushikilia kwa muda mrefu. Pinde za Wahadzabe, kwa mfano, mara nyingi huhitaji nguvu ya kiasi cha kilo 30 kuvutwa, na mwindaji huzoezwa tangu utotoni.

Mwaka 1966 Mmarekani Holless Wilbur Allen, wa jimbo la Missouri, aliomba hataza ya upinde wa namna nyingine, na akaipata mwaka 1969. Alifunga magurudumu madogo kwenye ncha za mikono ya upinde na kupitisha nyaya kati yake, kwa kanuni inayokaribiana na ile ya kapi ambazo mabaharia wa Kilwa na Lindi huzitumia kupandishia tanga. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tunauita upinde wa kapi.

Magurudumu hayo hayakai duara kamili. Yamechongwa yakawa kama yai. Mvutaji anapoanza, uzito hupanda haraka na kufikia kilele. Anapokaribia mwisho, magurudumu hugeuka na uzito hupungua ghafla kwa asilimia 65 hadi 85. Upinde wa ratili 60, yaani takriban kilo 27, wenye punguzo la asilimia 80 humwachia mvutaji mzigo wa ratili 12 tu, sawa na kilo tano na nusu hivi. Hapo ndipo anapopata utulivu wa kulenga. Nguvu aliyoiweka haijapotea, kwani imehifadhiwa katika mikono ya upinde na itahamia kwenye mshale pindi upote utakapoachiwa.

Utulivu huo ndio uliowavutia watu wengi duniani, wawindaji na wanamichezo pia. Katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, upinde wa kapi utashindaniwa kwa mara ya kwanza, katika timu mchanganyiko ya mwanamume na mwanamke. Kijana anayevutiwa na chombo hiki anaweza kuanza na shabaha ya makaratasi, bila kuhitaji mnyama.

Kuchagua upinde unaolingana na mwili

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuchagua upinde kwa kutazama picha au sifa za rafiki. Upinde wa kapi hutengenezwa kulingana na vipimo vya mtumiaji, na ule unaomfaa mtu mmoja huweza kumshinda mwingine.

Kipimo cha kwanza ni urefu wa mvuto. Simama umeegemea ukuta, nyoosha mikono yote miwili pembeni bila kujilazimisha, kisha mtu akupime kutoka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi ya mwingine. Gawanya kwa mbili na nusu. Mtu mwenye upana wa sentimeta 175 atapata sentimeta 70, ambazo ni karibu inchi 27 na nusu. Upinde wenye mvuto mrefu kuliko kipimo chako hukulazimisha kurudisha kichwa nyuma, na upote huweza kukukwaruza mkono. Ulio mfupi mno hukunyima nguvu na uthabiti.

Kipimo cha pili ni uzito wa mvuto. Majimbo mengi ya Marekani yanayoruhusu uwindaji wa upinde huanzia ratili 35 hadi 40 kwa wanyama wa umbo la swala. Kwa mnyama aliyekaza mwili kama nguruwe pori, ratili 50 hadi 60 hufaa zaidi, na wanyama wakubwa wenye ngozi nene huhitaji ratili 70 na kuendelea. Hata hivyo, namba kubwa haina maana kwa asiyeweza kuivuta. Jaribio lake ni rahisi: kaa kitini, elekeza upinde mbele kwenye shabaha, inua miguu kidogo kutoka ardhini, kisha vuta taratibu. Ukilazimika kuuelekeza juu ndipo uweze kuuvuta, upinde huo ni mzito kwako. Punguza ratili tano au kumi.

Jambo la tatu ni jicho. Nyoosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja viwili na utazame kitu cha mbali kupitia humo. Fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo linalotawala, na ni vyema upinde uwe wa upande wa jicho hilo.

Mshale na chembe yake

Mshale ndio unaomfikia mnyama, hivyo hauhitaji uangalifu mdogo kuliko upinde. Uti wa mshale hupinda kidogo unapoachiwa, kwa hiyo ugumu wake lazima ulingane na nguvu ya upinde. Uti laini kupita kiasi huyumba na kutoka nje ya shabaha.

Uzito wa mshale nao una mpaka wa chini. Kwa upinde wa ratili 60, mshale usipungue gramu 19 hivi, na kwa uwindaji gramu 26 hadi 29 hufaa zaidi. Mshale mwepesi mno huacha nguvu nyingi ndani ya upinde wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, ni marufuku kuvuta na kuachia upinde wa kapi usio na mshale, hata kwa mzaha. Nyaya huweza kukatika na mikono ya upinde kupasuka mbele ya uso wa aliyeushika.

Kabla ya kila zoezi, shika uti wa mshale kwa mikono miwili, uupinde kidogo na usikilize. Ukisikia mlio wa kupasuka, au ukiona ufa, uharibu mshale huo usiweze kutumika tena. Mshale wenye ufa ukivunjika wakati wa kuachiwa, vipande vyake huweza kupenya mkono unaoshika upinde.

Kuvuta na kuachia

Simama ubavu ukiwa umeelekea shabaha, miguu ikiwa na nafasi inayolingana na upana wa mabega. Mkono unaoshika upinde usiukabe mpini. Acha mpini uegemee sehemu ya kiganja iliyo chini ya kidole gumba, vidole vikiwa vimelegea. Vuta kwa misuli ya mgongo, mabega yote mawili yakiwa yameshuka, hadi mkono ufike mahali pale pale pa uso kila mara, kwa kawaida chini ya mfupa wa taya. Mahali hapo ndipo penye siri ya shabaha, kwa kuwa tofauti ya sentimeta moja usoni huwa kubwa sana mshale unapofika mita 20.

Wengi hutumia kifyatulio kinachofungwa kwenye kiganja badala ya vidole. Kifyatulio kibonyezwe polepole huku mgongo ukiendelea kuvuta, bila kukurupuka. Baada ya mshale kutoka, mkono wa upinde ubaki pale pale hadi mshale utue. Anayeushusha haraka ili aone alipopiga hupotosha mshale ukiwa bado haujaachana na upote.

Uwanja wa mazoezi uwe na tuta refu la udongo nyuma ya shabaha, na pasiwe na njia, nyumba wala malisho upande huo. Mshale wa upinde wa kapi huweza kuruka zaidi ya mita 200. Kijijini, umbali huo unatosha kufika kisimani au kwenye uwanja wa watoto.

Kwa nini umbali ni jambo la uhai na kifo

Mshale wa gramu 27 unaokwenda mita 80 kwa sekunde hubeba nguvu ya jouli 86 hivi. Risasi ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa kwa kawaida huzidi jouli 3,000. Mshale hauangushi kwa kishindo. Unaua kwa kukata mishipa na mapafu, na ndiyo maana chembe yake lazima iwe kali kama wembe na itue mahali pake.

Aidha, mnyama huusikia upinde kabla ya mshale kumfikia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mnyama aliye mita 30 mbele huisikia baada ya sekunde 0.09, ilhali mshale hufika baada ya karibu sekunde 0.38. Katika pengo hilo la theluthi ya sekunde hivi, swala au paa huweza kuinama na kugeuka, na mshale uliolengwa mapafuni ukatua tumboni. Akiwa mita 15, pengo hilo hupungua kwa nusu. Hii ndiyo sababu wawindaji waangalifu hawapigi zaidi ya mita 20 hadi 25, hata kama uwanjani wanapata shabaha katika mita 50.

Mnyama anayefaa kupigwa ni yule aliyesimama ubavu, au aliyegeukia mbele kidogo akimwacha mwindaji nyuma yake. Mahali pa kulenga ni nyuma ya bega, theluthi ya chini ya kimo cha mwili, palipo na moyo na mapafu. Mnyama aliyemwelekea mwindaji uso kwa uso, au aliyempa mgongo, aachwe. Wanyama wenye mimba, wenye watoto, na watoto wenyewe hawawindwi, sheria imewalinda.

Aliyepiga asikimbilie. Kwa jeraha la mapafu husubiriwa nusu saa, na kwa jeraha la tumbo husubiriwa saa kadhaa, kisha damu hufuatwa hatua kwa hatua. Mnyama aliyejeruhiwa akaachwa ni mateso kwake, na akiwa nyati au chui, ni hatari kwa mtu wa kwanza atakayepita njia hiyo asubuhi.

Sumu na taa

Wazee wengi wa pwani na bara wanafahamu kuwa mishale ya zamani ilitegemea sumu. Mimea ya jamii ya Strophanthus, inayoota katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, ilitumika kwa kazi hiyo. John Kirk, daktari katika msafara wa Zambezi ulioanza mwaka 1858, alikuwa miongoni mwa waliopeleka habari zake Uingereza, na Thomas Fraser wa Edinburgh akachunguza jinsi sumu hiyo inavyosimamisha moyo. Kutokana na uchunguzi huo ilipatikana dawa iliyotibu magonjwa ya moyo kwa miaka mingi.

Leo matumizi ya sumu, silaha yenye sumu, mitego, nyavu, mashimo na mwanga wa taa katika uwindaji yamekatazwa, isipokuwa kwa ruhusa ya maandishi ya mamlaka. Katazo hilo linamlinda pia mwananchi. Mkwaruzo mdogo wa mshale wenye sumu humdhuru mwindaji mwenyewe, na kinachosimamisha moyo wa mnyama hakichagui moyo wa mtoto aliyeuokota mshale huo njiani.

Mkulima afanye nini

Sheria inatambua kuwa mtu anaweza kulazimika kumuua mnyama katika kulinda maisha au mali. Kinga hiyo haimhusu aliyemfuata mnyama porini au kumchokoza. Tukio linapotokea ni lazima liripotiwe, na mzoga hubaki kuwa mali ya Serikali. Anayeigawa nyama kwanza na kutoa taarifa baadaye hujipokonya utetezi wake mwenyewe.

Mnyama anapoharibu mazao, mkulima atoe taarifa mapema kwa mtendaji wa kijiji ili afisa wanyamapori afike na kuthibitisha uharibifu kabla alama hazijafutika. Kwa madhara yanayosababishwa na wanyama hatarishi kama tembo, kiboko, mamba na simba, upo utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi uliowekewa kanuni mwaka 2011. Picha za shamba, nyayo na ushuhuda wa majirani husaidia ufuatiliaji.

Kinga za shambani nazo zina nafasi kubwa. Kulima mashamba yanayopakana kwa pamoja hupunguza mipaka ya kulinda. Kuamia kwa zamu, madungu yanayoonana, kufyeka vichaka kandokando ya shamba, uzio wa pilipili na mizinga ya nyuki dhidi ya tembo ni njia zinazotumika maeneo mbalimbali nchini. Taa inayotumika kulinda shamba na kufukuza wanyama haijawa uwindaji, ilimradi haiambatani na mshale.

Kwa anayetamani nyamapori, tangu mwaka 2020 zipo kanuni za uuzaji wa nyama hiyo katika mabucha yaliyosajiliwa. Mnunuzi adai risiti na aitunze.

Mwananchi anayekusudia kununua upinde wa kisasa anashauriwa kuuliza kwanza forodha na Jeshi la Polisi kuhusu uingizaji wake, kisha ofisi ya wanyamapori ya halmashauri yake kuhusu matumizi. Maswali hayo huulizwa kwa siku moja. Mshale ukishatoka kwenye upote haurudi, na kifungo cha miaka 20 hakirudishi msimu hata mmoja wa kilimo.